Pampu Isiyolia

Vijana, jambo la kwanza nitakalowaambia kuhusu umeme wa jua ni kwamba hauna sauti. Huko chuoni mtafundishwa volti na wati, pembe ya paneli, na ubaya wa kivuli. Yashikeni yote, ni kweli. Lakini hili la sauti sijaliona katika kitabu chochote, na ndilo lililotaka kumaliza ng'ombe wa watu, mahindi ya mke wangu na ndoa yangu, kwa mpangilio huo huo.

Jina langu Kahindi. Mimi ni Mgiriama wa hapa hapa Garsen. Wazee wangu walikuja delta hii ya mto kutoka kusini kutafuta ardhi yenye maji, wakaipata, wakapata na mafuriko. Nimekuwa mtunza pampu tangu ndevu zinaota mpaka juzi nilipostaafu. Nilianzia Madogo, nikapelekwa Chewele, na miaka mingi zaidi nikaimalizia kwenye kisima kimoja cha mashine huku nyikani, magharibi ya Garsen, ambako Waorma na Wasomali hunywesha mifugo. Kisima cha mashine ni bomba refu lililozamishwa ardhini, pampu imekaa chini kabisa kwenye maji, na juu kuna kitu cha kuipa nguvu. Zamani kitu hicho kilikuwa jenereta ya dizeli, na mimi ndiye niliyekuwa baba yake na mama yake.

Dizeli nilifundishwa na Mzee Hiribae, Mpokomo wa Ndera, marehemu sasa. Alikuwa mtu wa maneno machache. Siku moja pale Madogo nilibadilisha chujio la mafuta nikasahau kutoa hewa kwenye bomba. Mashine ikakataa. Nikazungusha ule mkono wa chuma mpaka mabega yakafa ganzi, ngamia wamejipanga, wenyewe wananitazama kama mtu aliyewaibia. Hiribae alikuwa ameketi pembeni anakula. Alipomaliza akanawa, akaja, akalegeza nati moja, hewa ikatoka, akaikaza. Mashine ikawaka. Nikamwambia, "Mzee, mbona hukuniambia mapema?" Akanijibu, "Nilikuwa nakula."

Huo ndio uliokuwa ualimu wa siku zile, na sijasahau kutoa hewa tena.

Nyinyi mna simu inayowaonyesha hitilafu kwa namba. Sisi tulikuwa na bisibisi: ncha unaigusisha kwenye injini, mpini unauweka sikioni, unasikiliza. Nilijua beringi inayochoka, nilijua vali iliyolegea, nilijua hata mafuta yaliyochanganywa na maji na mtu mwenye haraka ya kutajirika. Na si mimi peke yangu niliyekuwa nasikiliza. Asubuhi isiyo na upepo, mlio wa dizeli ulifika mbali sana nyikani. Ng'ombe walikuwa wameuzoea tangu wakiwa ndama. Mashine ikikohoa mara ya kwanza, wanainua vichwa. Ikishika, wameshaanza kutembea, na mchungaji anafuata nyuma akiwa bado anatafuta viatu vyake.

Sasa hapo kuna jambo lazima mlijue, maana bila hilo hamtaelewa mengine. Mke wangu, Kadzo, analima mahindi ukingoni mwa mto, pale udongo unapobaki na unyevu maji yakishuka. Kando ya shamba kuna malka, yaani njia ya ng'ombe ya kushukia mtoni kunywa, ambayo imekuwepo kabla ya sisi sote. Wafugaji na wakulima walikuwa na mapatano: kisima cha nyikani kikiwa kinatoa maji, ng'ombe hawashuki mtoni mpaka mahindi yavunwe. Kisima kikifa, wanashuka. Nani atamwambia ng'ombe afe kwa kiu kwa sababu ya mahindi? Na mahali petu mnapajua. Mambo huanza na mistari michache ya mahindi iliyokanyagwa na huishia kwa mazishi pande zote mbili. Kwa hiyo pampu yangu ikilala, mke wangu halali.

Basi ikatangazwa kwamba nchi yetu inaacha moshi. Ikaja timu. Paneli zilitoka Uchina, pampu Udenmaki, kile kisanduku cha kuongoza umeme kilitoka Ujerumani, na injinia wa kusimamia yote alitoka Ethiopia. Kitabu cha maelezo kilikuwa kwa lugha nne. Sisi pale kisimani tulikuwa na lugha tano. Hakuna hata moja iliyokutana na mwenzake.

Msidhani nabeza. Nyaya kubwa za umeme wa taifa zinapita juu ya nyika ile ile, mnaziona mkienda Minjila. Zinapita tu, na kazi yake kwetu ni ndege kutua. Hii ilikuwa mara ya kwanza umeme unakuja ukasimama.

Injinia yule alikuwa mwanamke, jina lake Chaltu, kwao Borana upande wa pili wa mpaka. Kiswahili alijifunzia Moyale, kimenyooka kuliko changu. Alinieleza kwamba moshi wa kila jenereta unahesabiwa, na nchi zinasaidiana kuupunguza kwa sababu hewa haina mpaka. Nikamwambia moshi wangu mimi ni mdogo sana. Akasema, "Mzee Kahindi, kila mtu duniani ananiambia hivyo hivyo."

Siku ya kuzindua palikuwa na hema, viti na hotuba. Bomba likafunguliwa, maji yakatoka kimya, watu wakapiga makofi. Chaltu akaniambia kazi yangu sasa ni kusafisha paneli, kuangalia tangi, na kupumzika. Nikaona Mungu amenikumbuka.

Kesho yake jua likapanda, pampu ikasukuma, tangi likajaa, birika la kunyweshea likajaa. Nikaketi nikangoja ng'ombe. Hawakuja. Siku ya pili nikapiga deki paneli zote, maji yanamwagika, nyuki wanakunywa. Ng'ombe hawakuja. Siku ya tatu Kadzo akanipigia simu. Yeye akikasirika huita jina langu lote, mpaka la babu. Akasema ng'ombe wa Dube wako malkani, wakulima wametoka na mapanga, na mimi niko wapi?

Dube ni Muorma, rafiki yangu tangu siku za Chewele, mwenye kundi kubwa kuliko yote upande ule. Chifu aliwahi, damu haikumwagika, ila mistari ya mahindi ilikanyagwa na maneno yaliyosemwa siwezi kuyarudia. Niliposhuka malkani nilimkuta Dube ameketi amejishika kichwa.

"Dube, wewe umewaleta ng'ombe huku kwa nini?"

"Mashine imekufa."

"Haijakufa! Birika limejaa, linamwagika!"

"Iko kimya."

"Ni ya jua. Ya jua hailii."

Dube akanitazama kwa huruma. "Kahindi," akasema, "ng'ombe wangu hulisha kule mbali. Mashine kimya ni mashine imekufa. Sasa wewe unataka nitembeze ng'ombe wenye kiu safari nzima nikaangalie kama iko kimya ya kufa ama kimya ya kupona?"

Nikamwambia simu ipo, nitakupigia. Akanikumbusha kwamba huko malishoni mtandao unapatikana juu ya kichuguu kimoja tu, na kichuguu hicho kina nyoka.

Sasa mimi ni fundi. Nikarudi kisimani nikatazama dizeli yangu kuukuu, iliyofunikwa turubai kona ya banda ikingoja kuondolewa. Nikaifunua. Nikaitenga na kila kitu, isisukume hata tone, nikaiwasha bure. Ikakohoa, ikashika, ikalia nyika nzima. Kabla jua halijawa kali, ng'ombe wa Dube walikuwa wanakuja kwa mbio, vumbi juu. Wakanywa maji ya jua kwa mlio wa dizeli, na kila mtu akaridhika.

Kwa hiyo, vijana, kwa msimu mzima tulikuwa na kisima cha umeme wa jua ambacho hakiwezi kufanya kazi bila dizeli. Nafikiri ni cha kwanza duniani, ila hakuna aliyekuja kukipiga picha.

Chaltu alirudi bila taarifa, asubuhi, ng'ombe wameshakunywa na kuondoka. Akakagua paneli, akakagua kisanduku, akanisifu. Kisha akaingia bandani, akaweka kiganja juu ya injini iliyokuwa chini ya turubai. Akakiondoa haraka.

"Ina moto," akasema.

"Ni jua hili," nikasema.

"Iko ndani ya banda, Mzee Kahindi."

Nikapiga moyo konde. "Naiwasha asubuhi."

"Inasukuma maji?"

"Hapana."

"Inachaji nini?"

"Hakuna."

"Sasa inafanya kazi gani?"

"Inapiga kelele."

Injinia wa watu, amesoma nchi mbili. Akauliza, "Kelele za nani?" Nikamwambia, "Za ng'ombe." Akavuta ndoo akaigeuza akaketi juu yake, akasema nianze mwanzo.

Nilipomaliza hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alisema kisima hiki ndicho cha kwanza, na wakubwa wa nchi zote zile wanakitazama. Wakiona dizeli bado inaungua, visima vinavyofuata, vya huko Chewele na upande wa Ndera, havitapata kitu. Jenereta lazima iondoke, gari liko njiani. Nikamwambia gari lije na jeneza, maana watu watauana malkani. Sikuwa natania. Nilikuwa namwona Kadzo na jembe lake mkononi amesimama mbele ya pembe za ng'ombe.

Akaomba kuonana na Dube. Sasa hapa nilishangaa. Dube huwapa wageni salamu na hawapi kitu kingine. Lakini Chaltu alipofungua mdomo, Dube alisimama. Lugha ya Borana na ya Orma ni ndugu wa karibu, wanaelewana kama mimi na Mdigo. Dube akauliza kwao ni wapi, kwa mama ni wapi, ng'ombe wao ni rangi gani. Wakaongea mpaka nikasinzia. Nilipoamka wanacheka, na nilikuwa na hakika wananicheka mimi.

Wazo la kwanza lilikuwa la Chaltu. Tuurekodi mlio wa dizeli, tufunge spika ya honi yenye betri yake ndogo juu ya tangi, umeme wa kuichaji upo, uwe unalia wenyewe kila asubuhi saa ile ile. Ikafungwa. Dizeli ikapakiwa garini ikaenda zake. Niseme ukweli, nililia, nikawaambia watu ni vumbi. Spika ikalia vizuri, ng'ombe wakaja, tukapeana mikono.

Halafu ikaja siku nyani walipovuta waya mmoja wa paneli. Nyani wa huku wanapenda kuona waya unavyorudi ukiachiliwa. Pampu haikusukuma, na mimi nilikuwa nimeenda Garsen kununua vifaa. Lakini spika haikujua hayo. Saa yake ilipofika ikalia kama kawaida. Ng'ombe wakaja safari yote ile wakakuta birika kavu, wakasimama wanalamba saruji. Kesho yake spika ililia na hakuna ng'ombe hata mmoja aliyeinua kichwa. Dube mwenyewe aliwaswaga kwa fimbo na walikataa. Unaweza kufikiri ng'ombe ni mjinga, lakini jambo hilo moja alilielewa mara moja tu.

Tukarudi kwenye ndoo zetu zilizogeuzwa. Dube akasema kabla ya mashine, wao walikuwa wakiwaita ng'ombe kwa mdomo. Kuna wimbo wa kunyweshea, mfupi, unarudiwa rudiwa. Chaltu akasema kwao visima virefu bado vinaimbiwa hivyo mpaka leo. Basi nikasema vizuri, Dube aimbe, turekodi, yaishe.

Dube akakataa katakata. "Wimbo huo hauimbwi kwa birika kavu," akasema. "Unatia mkono majini kwanza. Mkono ukilowa, unaimba. Hicho kisanduku hakina mkono."

"Basi uimbe mwenyewe kila siku."

"Mimi niko na ng'ombe. Nikiwa kisimani nitakuwa namwita nani?"

Chaltu akanitazama. Dube akanitazama. Nikageuka nyuma kuona kama kuna mtu mwingine. Hakukuwa na mtu mwingine.

Vijana, niliondolewa kwenye kwaya ya kanisa nikiwa bado kijana, kwa upole, na mchungaji aliyesema Bwana ananihitaji kwenye idara ya viti. Sasa nazeeka, fundi wa dizeli asiye na dizeli, naambiwa nijifunze kuimba Kiorma. Dube alinifundisha kwa siku nyingi, amekaa juu ya ukingo wa birika, ananirudisha mwanzo kila nikikosea. Katika wimbo unataja ng'ombe kwa rangi zao, mwekundu, wa madoa, mwenye pembe za kuinama. Aliniingizia na tusi moja katikati bila kuniambia, ili vijana wake wapate kucheka malishoni. Niliimba tusi hilo kwenye maiki tuliyoiunga na ile honi kwa mwezi mzima kabla mwanamke wa dukani, Msomali anayejua Kiorma, hajanihurumia akanieleza.

Lakini wakaja. Si siku ya kwanza. Siku ya kwanza walisimama tu wakasikiliza. Dube alidai hawajawahi kusikia mnyama mwenye maumivu makubwa hivyo, wakawa wanajiuliza kama wasaidie. Baadaye akatangulia mmoja mzee, anayekumbuka pengine, na wengine wakamfuata. Natia mkono birikani, nainua, maji yanatiririka kwenye kiwiko, nashika maiki, naimba. Kila asubuhi. Chaltu akaandika kwa wakubwa wake kwamba dizeli imekwisha kabisa. Sijui aliandika nini kuhusu mimi.

Ngoja niwaambie mambo ya kazi kabla sijasahau, maana ndiyo mliyoyajia. Paneli osheni alfajiri kioo kikiwa baridi. Mkimwaga maji adhuhuri kioo kinapasuka. Msitumie sabuni ya unga, wala mchanga, wala dizeli. Yupo aliyetumia dizeli, na alikuwa na cheti. Zungushieni ua, na ua usiwe wa kuonea ndani, kwa sababu beberu akijiona kwenye kioo anadhani ni beberu mwingine amekuja kuchukua wake zake. Nimepoteza paneli mbili katika vita hivyo na beberu hakukubali kushindwa. Na jambo kubwa: umeme wa jua hauna akiba kama ule wa kwenye dumu la mafuta. Akiba yenu ni tangi. Tangi likilala tupu na asubuhi ikaja na wingu, hamna kitu, subirini tu.

Hilo la mwisho nilijifunza mwaka wa ukame. Makundi ya mbali yalikuwa yameshuka mpaka kwetu, Wasomali na ng'ombe na ngamia, na hatuwezi kumnyima mtu maji. Jioni walilikausha tangi. Nikalala nikijua jua litalijaza. Asubuhi nikaamka, wingu limefunika kote, zito, lisilo na hata haja ya kunyesha. Kisanduku kikawasha taa yake ya manjano na kikakaa hivyo. Pampu kimya, na safari hii ilikuwa kimya ya kufa. Nikaenda kwenye birika nikatia mkono. Nikashika saruji.

Saa yangu ya kuimba ikapita.

Simu ikalia. Kadzo. Mahindi yalikuwa yameshakauka vizuri, yanavunwa siku ile ile, wanawake wako shambani.

"Baba Charo, ng'ombe wameshuka. Wote. Dube na wale wengine. Wako karibu kufika shambani."

"Hakuna maji huku, Mama Charo."

"Imba!"

"Nimekwambia hakuna maji."

"Imba hivyo hivyo! Wakikusikia watageuka, tutakuwa tumepata nafasi ya kuvuna. Wanaume wameshachukua mapanga, Kahindi. Charo yuko hapa. Imba, nani atajua?"

Charo ni mwanangu wa kwanza. Maiki ilikuwa mkononi. Ningeimba, ng'ombe wangegeuka, hilo nilikuwa na hakika nalo. Wangepanda nyika yote ile na kiu yao, wakute birika kavu, na wengine wangelala hapo hapo wasiinuke. Na kesho ningeimba na hakuna ambaye angenisikia, wala ng'ombe wala Dube, na keshokutwa, na mwaka ujao. Na nisipoimba, mwanangu yuko kule.

Nikamwambia, "Ng'ombe watajua." Akakata simu.

Nikaketi chini. Sikuweza kumpigia tena, niliogopa kitakachosemwa. Nilitazama wingu, nikalitukana kwa Kigiriama, nikaliomba kwa Kiswahili, na mwisho nikalitajia lile tusi la Dube. Nilitia mkono birikani tena na tena kama mwendawazimu. Sijui nilikaa muda gani. Najua kwamba wingu lilipasuka kidogo upande wa mashariki, taa ya manjano ikawa kijani, na bomba likatema hewa, likatema matope, likatema maji. Nikatia mkono. Ukalowa. Nikaimba, vijana. Niliimba natokwa machozi na kamasi kwenye maiki ya watu, naruka rangi za ng'ombe, nazirudia, sijali.

Hawa hapa wanakuja. Vumbi kwanza, halafu pembe. Nyuma yao Dube, anatembea taratibu. Alipofika hakunisalimu. Alienda birikani akatia mkono wake mwenyewe, akautazama, akaufuta usoni.

Yaliyotokea kule chini alinisimulia Kadzo nilipofika nyumbani. Alisema ng'ombe walifika mpaka ukingo wa shamba wakasimama, kwa sababu Dube alipita mbele yao akainua fimbo kuwazuia. Wakulima upande huu na mapanga, wachungaji upande ule, ng'ombe wanalia kiu, mto unaonekana. Vijana wa Dube wakamwuliza tunangoja nini. Mkulima mmoja naye akamfokea, unangoja nini? Dube akasema, "Namngoja Kahindi."

"Na asipoimba?"

"Basi hakuna maji. Tutashuka mtoni, na nyinyi mtatupiga. Lakini hatakuwa ametudanganya."

Wakangoja, wote, pande zote mbili, wanatazama wingu. Watu wakachoka kusimama wakaketi, mapanga magotini. Kadzo alisema mwanamke mmoja akatoa maji ya kunywa akampa mchungaji mdogo, kisha akakasirika na nafsi yake akampokonya kikombe kabla hajamaliza. Mpaka sauti yangu mbaya ikasikika kutoka nyikani, na Dube akashusha fimbo, akawageuza.

"Nilipokusikia nililia," Kadzo akaniambia.

"Kwa ajili ya mahindi?"

"Mahindi gani. Mimi ndiye niliyekwambia uimbe birika likiwa kavu."

Lakini shamba letu, niwaambie hili nalo, lilikuwa limeingia malkani mistari kadhaa. Kila mwaka mstari mmoja, kidogo kidogo, kama wanavyofanya wote. Kadzo aliniambia Dube siku ile alikuwa amesimama ndani ya mistari hiyo hiyo, juu ya njia ya ng'ombe wake mwenyewe, akiwazuia wasikanyage.

Msimu uliofuata maji ya mto yaliposhuka, Kadzo alichukua jembe na mbegu akaenda kupanda peke yake. Nilipopita jioni nikaona ile mistari ya malkani ameiacha tupu. Sikumwuliza. Baada ya mavuno Dube alishuka na ng'ombe wake, akapita pale, akaiona, naye hakuuliza.